Ubuyu wa kupikwa: ulianza wapi, na una mbele gani?

KijanaWaIlala (Muscat)

Wakuu salaam, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Ilala, mwaka wa nne sasa nipo Muscat kikazi. Shangazi yangu kila akipata mtu wa kuja huku ananifungia pakiti za ubuyu, na kila zikifika hazimalizi siku mbili. Kuna wazee hapa kazini, Waomani waliozaliwa Unguja na Pemba, wananivizia mlangoni kama watoto. Juzi mmoja wao, miaka sabini na ushee, alitia mbegu moja mdomoni, akainyonya kimya kimya mpaka ikabaki nyeusi, akaitema kiganjani akaitazama. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili kisafi kuliko changu: "Huu umetoka kwa nani?" Nikamwambia kwa shangazi. Akasema, "Mwambie sukari kazidisha."

Ubishi ukaanzia hapo. Jamaa mmoja wa Kihindi anasema hizi ni peremende za kwao, sisi tumeiga, ushahidi ni iliki. Mwingine wa hapa hapa anasema mbuyu ni mti wa Waarabu, upo Dhofar. Na kweli upo! Mwaka jana nilipelekwa Salalah msimu wa mvua, tukazungushwa hadi Wadi Hinna, upande wa Mirbat, nikaiona mibuyu imesimama kwenye majani mabichi. Nilishuka kwenye gari nikaishika kwa mkono, nikajihisi nipo Dodoma.

Sasa naomba wanaojua. Ubuyu huu mwekundu wa kupikwa ni wa nani, na zamani ulikuwaje? Ninauliza na kwa tumbo pia: nawaza kuagiza mzigo niufungashe vizuri niuze huku. Ila sitaki kutia akiba yangu kwenye kitu ambacho miaka kumi ijayo kitakuwa cha wazee tu. Watoto wa dada yangu pale Dar, ukiwapa ubuyu na chipsi za pakiti, mkono unaenda kwenye pakiti.

---

Mbavu_za_Mbwa (Dar)

Mkuu, kichwa cha habari kimeniponza. Nimeona "ubuyu" nikaacha daladala ipite nikidhani kuna mtu maarufu kaachana na mtu maarufu. Kumbe ni ubuyu wa kula! Siku hizi hapa mjini ukisema "nina ubuyu" hakuna anayenyoosha mkono, wananyoosha sikio. Hiyo nayo ni historia, iandikwe.

Nakaa hapa nisubiri wenye majibu.

---

BiMwiko_Kuze (Mombasa)

Mwanangu wa Ilala, marahaba. Na huyo mzee wa Muscat mpe salamu zangu, ulimi wake haujazeeka.

Mimi napika mabuyu. Huku kwetu twasema mabuyu, ninyi mwasema ubuyu, tusigombane kwa hilo. Napikia Kuze, Mji wa Kale, na sinia ya kwanza hushuka kabla ya adhana ya adhuhuri. Mwiko niliushika mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, kwa kuwa mamangu alianguka ngazini akavunjika mkono, na Idi haingoji mkono upone. Kwa hivyo sikujibu kwa niliyoyasoma tu, ingawa mjukuu wangu hunisomea mengi.

Tuanze na hao wabishi wako. Mti ni wetu. Mibuyu duniani ni aina nane: sita ziko Madagaska pekee, moja iko Australia, na moja, hii tuijuayo, imetapakaa sehemu kavu za Afrika tangu Senegali hadi mto Limpopo. Hiyo ya Dhofar ni aina hii hii. Mwaka 2024 wanasayansi waliandika katika jarida la Nature kwamba ukoo wote ulizaliwa Madagaska kisha ukavuka bahari. Mjukuu aliponisomea alidhani nitashangaa. Buyu ni boya, mwanangu! Ganda gumu, ndani unga mkavu. Utotoni tukiyarusha majini pale Mama Ngina, enzi hizo wazee wakipaita Azania Drive, na mkondo ukiyachukua mpaka macho yachoke. Mibuyu ya India haikufika kwa mkondo, hiyo ilipelekwa na watu kutoka Afrika. Na Ibn Battuta, aliyepita hapa Mombasa mwaka 1331, alipofika nchi ya Mali mwaka 1352 alikuta miti yenye mashina mapana hata mfumaji mmoja amejiwekea kitanda chake cha kufumia ndani ya shina, anafuma. Mbuyu huo.

Lakini mti ni jambo moja, na sufuria ni jambo jingine. Ukitaka kujua umri wa chakula, weka viungo mezani umuulize kila mmoja kwao ni wapi. Iliki kwao kusini mwa India, hapo mwenzio Mhindi ana haki yake. Pilipili kwao Amerika, nayo ilitufikia baada ya Wareno kuanza kupita pwani hii mwaka 1498. Sukari ina safari ndefu zaidi. Miwa tulikuwa nayo, na karne ya 19 bonde la Pangani lilijaa mashamba ya miwa. Hata Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1888 na 1889, alikuwa na shamba lake huko. Ila maskini wa mjini walichokipata ni sukari guru, si hii nyeupe ya kumwagika. Nyeupe ilipata kushuka jikoni za watu kama sisi karne ya 20. Kiwanda cha Ramisi, hapo Kwale, kilianza mwaka 1927. Na rangi? Rangi ya kwanza ya kiwandani duniani ilitengenezwa London mwaka 1856 na kijana aitwaye William Perkin, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Hizi zetu za kopo ni wajukuu wa ile.

Basi piga hesabu. Mabuyu mekundu hayakuliwa na Mazrui waliotawala Mombasa zamani wala na Mreno wa Fort Jesus.

Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa Lamu kabla ya vita vya kwanza vya dunia, utotoni hakuyajua mekundu. Aliyala meupe kwa chumvi na pilipili ya kusaga, ama yakapikwa kwa sukari guru yakatoka rangi ya tende. Hayo ndiyo aliyoyaita mabuyu. Haya yetu aliyaita "mabuyu ya midomo", kwa sababu sisi wasichana tuliyanunua tupake midomo kwanza, kula baadaye. Mamangu aliyauza senti kumi kwenye koni ya gazeti. Koni aliikunja kwa mikono yake, ncha akaipinda mara mbili ili shira isivuje, na watoto wa skuli wakishamaliza mabuyu walilamba gazeti mpaka habari za jana zikahamia ulimini.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho pakiti haikuonyeshi, kwa sababu ukitaka kuuza lazima ukijue.

Vikombe vinne vya ubuyu, kikombe kimoja cha maji, kimoja na nusu cha sukari. Sukari, maji na rangi huenda motoni peke yao. Mwanzo shira inachemka kwa mapovu makubwa yenye kelele, kama watu sokoni. Usifanye kitu, subiri. Mapovu yakiwa madogo na mazito, sauti ikashuka, chovya mwiko, chukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, achanisha vidole. Likikatika, bado. Likivuta uzi mmoja usiokatika, zima moto hapo hapo. Ukiitwa mlangoni usiende. Mwaga ubuyu wote kwa mkupuo, ugeuze kutoka chini kwenda juu. Tazama vizuri: ule unga mweupe ulioshikana na mbegu unainywa shira, unavimba, unakuwa rojo, na rojo hiyo ndiyo inayozikamata mbegu. Hukutia wanga, hukutia gundi. Buyu lina gundi yake lenyewe, ile ile ambayo wapika jemu huitafuta. Iliki na pilipili nyunyiza mwisho, moto umezimwa. Kisha sinia iliyopakwa mafuta kidogo, na uma wa kutenganisha mbegu zisigandane zikawa kichuguu.

Na ugomvi wangu na mabuyu ya siku hizi uko kwenye huo unga mweupe. Ubuyu umekuwa na soko: unga watakiwa kwa juisi, kwa uji wa wagonjwa, kwa kusafirishwa. Basi kuna wanaozikung'uta mbegu kwanza, unga wakauza pembeni, kisha zile mbegu uchi wakazipika kwa sukari maradufu, unga wa ngano kidogo zipate kushika, na ndimu ya unga ili kurudisha uchachu walioutoa wenyewe. Mtoto anakula sukari iliyovaa mbegu. Hapo akichagua chipsi za pakiti simlaumu.

Kipimo nikupe. Tia mbegu moja kwenye glasi ya maji, ikoroge, ngoja. La kweli maji yataingia ukungu kama yaliyotiwa tui, hata chini ya rangi utauona weupe. La uongo maji yatakuwa mekundu safi kama sharubati ya dukani, na mbegu itazama kama kokoto.

Kuhusu rangi, mimi mwenyewe nina kosa langu na nalisema. Mwaka 1998 nilinunua rangi duka moja la jumla, imepimwa kwenye karatasi, haina lebo, muuzaji akaapa ni ya chakula. Nyekundu ile ilikuwa ya kupendeza, sijapata kuiona tena. Mwiko wa mbao ukanywa rangi mpaka kiini. Siku ya tatu mama mmoja akanijia na mwanawe, shati la skuli limetapakaa, meno mekundu, na ameyasugua tangu juzi. Hakunipigia kelele. Alinionyesha tu meno ya mtoto, akaondoka. Nilimwaga masinia manne, na ule mwiko nikautia motoni. Tangu hapo sinunui rangi isiyo na jina juu ya kopo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton walichapisha kwamba baadhi ya rangi hizi, zikichanganywa na dawa moja ya kuhifadhi chakula, huwafanya watoto wasitulie, na tangu 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinataka pakiti yenye rangi hizo iandikwe onyo. Kama unataka kuvuka mipaka na mzigo wako, anzia hapo.

Nimejaribu rozela, ile mnayoiita choya. Yachemsha, chuja, maji yake ndiyo yapikie shira. Yanatoka rangi ya zambarau iliyoiva, na uchachu wake unapatana na wa buyu. Mimi nayapenda kuliko yote. Wateja? Wa kwanza aliniuliza, "Bi, haya yameungua?" Nikayauza nusu bei kwa wiki tatu. Sasa nina watu wangu wa mabuyu meusi, wengi ni wenye umri, na wachache ni wasichana wanaoyapiga picha kabla ya kula.

Mkono umechoka. Mbele yake tutazungumza, lakini mbele ya mabuyu haiko jikoni kwangu, iko kwa wanaoikwea mibuyu.

---

Mpembo_wa_Ganze (Kilifi)

Bi Mwiko, shikamoo. Ndiye mimi.

Babangu alipanda, mimi napanda. Mbuyu hauna tawi la karibu, kwa hivyo tunapigilia vigingi vya mti mgumu kwenye shina, kimoja juu ya kingine, kama ngazi. Mbuyu mmoja wa nyumbani una vigingi vya babu chini, vya baba katikati, na vyangu juu, na vya babu vimemezwa na gome mpaka zimebaki ncha, unatia dole gumba la mguu tu. Juu unatumia upembo mrefu, unanasa kikonyo na kuzungusha. Chini watoto na mama zao wanakusanya, na lazima wasimame mbali, buyu likikupiga kichwani hutasimulia.

Watu wa mjini hawajui kwamba kuna mibuyu isiyozaa. Sisi tunaiita midume. Inachanua vizuri, maua meupe makubwa yanaanguka asubuhi chini kama vitambaa, halafu mwaka mzima unapata mabuyu mawili, matatu. Watu huikata wapande mahindi. Afisa mmoja wa kilimo alituambia tusikate: ua la mbuyu lina chavua na kizazi humo humo, lakini mti haukubali sana chavua yake wenyewe, unataka ya jirani. Ua linafunguka jua likizama na usiku mmoja limekwisha, na anayebeba chavua ni popo. Ukikata dume na ukafukuza popo kwa moshi, hayo majike yako yatazaa kwa nani? Wengine walicheka. Mimi niliacha dume langu.

Bei sasa. Gunia moja la mabuyu ya maganda linanitoa jasho la mibuyu mitatu, na mnunuzi akija na lori anataja bei yeye, si mimi. Kama nakataa, anaenda kwa jirani. Mabuyu hayaozi upesi kama embe, ningeweza kungoja, lakini karo haingoji. Nikipasua mwenyewe na kutoa nyuzi zile nyekundu napata zaidi kidogo, ila vumbi la ubuyu linaingia kifuani, wake zetu wanakohoa.

Na ule mkasa wa mwaka 2022 mliusikia. Wakaja watu na mashine, wakachimba mibuyu na mizizi yake hapa Kilifi, isafirishwe hadi bustani ya miti huko Georgia, nchi iliyo ng'ambo ya Uturuki. Magazeti yalisema wenye mashamba walilipwa kuanzia laki moja mpaka laki tatu kwa mti. Kelele zikapigwa, Rais Ruto akaagiza uchunguzi. Kila mtu mjini aliwalaani wale wakulima. Mimi sikuwalaani. Laki moja! Nipande mti huo huo miaka mingapi kwa bei ya gunia ndipo niione laki moja? Uchungu wangu uko pengine: mti mkubwa ukitoka hakuna mdogo wa kushika nafasi. Tembea Ganze nzima unionyeshe mbuyu wa kimo cha mtoto. Hakuna aliyezoea kuuotesha, uliota wenyewe ukaachwa. Wanasema mbuyu ulianza kama mchicha. Sikatai, lakini mchicha huo siku hizi unaliwa na mbuzi.

Nimeotesha kumi na mbili nyuma ya nyumba, nimezizungushia miiba. Mbegu nilizikwangua ganda kwa jiwe kwanza, nikazilaza kwenye maji ya moto usiku kucha, la sivyo zinakaa ardhini zikicheka. Zimebaki saba. Mimi sitakula mabuyu yake.

---

Mzaramo_Leicester

Nawasalimu wote. Naongezea la huku Uingereza kidogo.

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kama chakula kipya. Kipya! Mwaka uliofuata Marekani nayo ikakubali. Sasa hapa nilipo unauzwa kwenye maduka ya vyakula vya afya, kijaluba kidogo kama cha poda ya mtoto, picha ya mti mbele, na maneno kwamba una vitamini C kupita chungwa. Hilo la vitamini ni kweli kwa unga mbichi. Ukishauchemsha na sukari sehemu ya vitamini inapotea, kwa hiyo usimwambie mteja kwamba ubuyu wa kupikwa ni dawa. Mnakumbuka Dar miaka ile mafuta ya ubuyu yalivyouzwa kutibu kila kitu kuanzia kisukari mpaka mapenzi? Wengine wakawa wanakunywa kijiko kila asubuhi. Mafuta yale mazuri kwa ngozi, hayo mengine yalikuwa maneno ya wauzaji.

Kinachonichekesha ni kwamba wanaonunua kijaluba hawajawahi kuliona buyu. Nilimpelekea mfanyakazi mwenzangu, Mwingereza, mbegu za kupikwa. Alizitafuna! Nikasikia jino likilia. Kwa hiyo, KijanaWaIlala, kama utauza kwa wasiozaliwa na kitu hiki, andika kwenye pakiti: NYONYA, USITAFUNE.

Jambo moja la kutia wasiwasi, maana Mpembo kagusa. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza mibuyu mikongwe kusini mwa Afrika waliandika katika jarida la Nature Plants kwamba kati ya 13 iliyo mizee kuliko yote, 9 ilikuwa imekufa au kuanguka sehemu ndani ya miaka kama 12. Walidhani hali ya hewa inahusika. Hiyo ni miti iliyoishi zaidi ya miaka elfu.

---

KijanaWaIlala (Muscat)

Shikamoo tena Bi Mwiko, na Mpembo nakushukuru sana, kaka. Nimemsomea mzee wa hapa thread yote kwa sauti, saa nzima tumekaa kwenye gari kiyoyozi kikiunguruma. Nilipofika kwenye mabuyu ya rangi ya tende alinishika mkono. Anasema mama yake Pemba aliyapika hivyo hivyo, na kwamba yeye alidhani ameota.

Nimefanya kile kipimo cha glasi. Ubuyu wa shangazi umefaulu, maji yameingia ukungu. Ule nilionunua mimi mwenyewe uwanja wa ndege Dar umeshindwa, glasi imekuwa kama sharubati. Sitasema ni wa nani.

Basi nimebadili mpango. Siagizi mzigo wa pakiti tena. Nataka nichukue ubuyu wenyewe, mbegu na unga wake, niupikie hapa hapa, na mzee amejitolea jiko la bintiye. Mpembo, nitakuandikia kando tuongee bei ambayo wewe ndiye unaitaja kwanza.

Ila nina tatizo, Bi. Tumejaribu ijumaa kwa ubuyu wa kuomba omba, tukafuata vipimo vyako. Asubuhi ulikuwa mzuri, mbegu moja moja. Hapa kiangazi joto linafika arobaini na kitu, na tukiwa karibu na bahari hewa imejaa maji. Jioni tulipofungua kopo umekuwa tope. Sinia ya pili, tuliyoiogopea tope tukaichemsha zaidi, imekuwa jiwe, tumeipiga na mpini wa kisu. Tunakosea wapi?

---

BiMwiko_Kuze (Mombasa)

Hamkukosea, mmepika kama mko Kuze kipindi cha kaskazi. Sukari inaita maji ya hewani. Hata mimi Aprili, mvua za masika zikianza, sipiki kwa kipimo cha Januari.

Punguza maji, robo tatu ya kikombe badala ya kimoja, shira ifike uzi mapema bila kukaa sana motoni. Sukari nayo ishushe hadi kikombe na robo. Yule mzee alikwisha kukuambia. Ukishamwaga kwenye sinia, ngoja zipoe kabisa, kabisa, mkono usihisi hata uvuguvugu, kisha nyunyiza unga mkavu wa ubuyu vijiko vitatu na uzigeuzegeuze mpaka kila mbegu ivae koti. Unga huo ndio utakaokunywa maji ya hewani badala ya shira. Watu watadhani umepamba, na uchachu utawapiga mwanzo kabla ya utamu, inavyotakiwa. Zifungwe siku hiyo hiyo, kopo lenye kifuniko cha kubana, lijae mpaka juu. Kopo nusu ni kopo la tope. Sisi huku tulilijua hilo baada ya Agosti 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki na vile vifuko vyangu vya kufunga kwa mshumaa vikaisha siku moja. Nilidhani biashara imekufa. Kumbe kopo linahifadhi kuliko kifuko, ila linanila faida.

Na hiyo iliyokuwa jiwe usiitupe. Irudishe kwenye sufuria, nyunyiza maji vijiko viwili vya chakula, funika, moto mdogo kabisa, dakika tano usifunue. Ikilegea, igeuze upesi, tia iliki mpya, maana ya kwanza imeshakimbia. Itakuwa nyeusi kidogo. Mpe mzee hiyo.